Siagi Tupu

 

Wiki hii tutazungumza juu ya krimu ya siagi, ile wanayoipaka mabinti zetu juu ya biskuti za Idi, wakaitia rangi na kuichora maua na miezi. Msomaji wa kiume asiharakishe kufunua ukurasa wa pili, kwani naye huzila biskuti hizo, na aghalabu ndiye anayezilipia. Alhamisi iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, tuliletewa suala ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Walimu wetu walitufunza, tangu tungali watoto juu ya mkeka, kwamba hukumu ya kitu haitolewi kabla kitu chenyewe hakijafahamika. Nasi krimu tulikuwa tukiijua kwa ulimi tu.

Aliyekuja ni mama mjane anayelea watoto wake kwa kuoka. Alifuatana na bintiye wa miaka 12, na ilikuwa dhahiri kwamba safari ile ilikuwa ya binti kuliko ya mama. Kisa chao ni hiki. Kabla ya Idi ya Mfungo Tatu mama huyu alipokea maagizo ya biskuti za kupambwa kutoka nyumba 11, jumla masanduku 23, na akapokea malipo yake. Juu ya kila sanduku binti, ambaye ana hati nzuri, aliandika kwa wino wa kijani: Siagi tupu. Siku tatu kabla ya Idi mama alipofika dukani akakuta bei ya siagi imepita hesabu yake. Akanunua nusu siagi na nusu majarini, akachanganya katika biskuti na katika krimu. Masanduku yalikuwa yameshaandikwa, yakatoka hivyo hivyo. Hakuna aliyelalamika, na wawili walituma salamu za kusifu. Sasa Shaabani imefika nusu, maagizo ya Idi ul-Fitri yameanza kuingia, na binti amekataa kushika kalamu.

“Sheikh,” mama akatuambia, “ladha ni ile ile na hakuna aliyeumwa tumbo. Mbona mtoto huyu ananifanya mwizi?”

Binti alikuwa ameinamisha kichwa. Tulipomuuliza ana nini, akajibu maneno matatu tu: “Hati ni yangu.”

Tukaomba muhula wa siku chache. Usiku ule ule tukawasihi watu wa nyumbani kwetu watuonyeshe krimu hii hufanywaje. Tulipewa kiti karibu na mlango wa jikoni, kwa sharti la kutogusa kitu.

Biskuti zenyewe si kazi kubwa. Siagi gramu 250 na sukari gramu 200 hupigwa pamoja mpaka zikawa nyeupe, likaingia yai moja, kisha unga gramu 400 uliochungwa pamoja na kijiko kimoja na nusu cha chai cha bekingi poda na chumvi kidogo. Donge hupumzishwa saa moja katika friji, husukumwa kwa unene wa nusu sentimita, hukatwa kwa kibati au kwa mdomo wa gilasi, na huokwa katika moto wa digrii 175 kwa muda wa dakika 9 au 10, mpaka ukingo uanze rangi ya dhahabu na kati pangali peupe. Asiye na oveni hupalia makaa juu ya sufuria kama afanyavyo kwa mkate wa sinia, ila moto uwe mdogo zaidi na jicho lisiondoke. Hutoka kiasi cha biskuti 36. Ni lazima zipoe kabisa kabla ya kupakwa, kwani biskuti yenye uvuguvugu huiyeyusha krimu kutoka chini, nawe juu huoni mpaka ua lako limeshateleza.

Krimu ndiyo yenye elimu yake. Vipimo ni vyepesi kukumbuka: siagi sehemu moja, sukari ya unga, ile inayoitwa madukani aisingi shuga, sehemu mbili. Kwa biskuti tulizozitaja, siagi gramu 250 na sukari gramu 500 zatosha. Siagi itolewe katika friji mapema ilainike yenyewe, kiasi cha kidole kuacha alama bila ya kuzama. Wengi kwa haraka huiweka juani au kando ya jiko, ikayeyuka, wakairudisha friji igande, wakidhani wameitengeneza. Siagi ni mafuta kwa kiasi cha asilimia 80, na ndani yake mna maji yapata asilimia 16 yaliyoshikamana na mafuta hayo; ikishayeyuka hushikana vibaya, na haipokei hewa tena kama mwanzo. Na krimu ni hewa. Kwa hiyo siagi hupigwa peke yake dakika tano nzima, kabla ya kuonja sukari, mpaka umanjano wake uelekee kwenye weupe. Tulizihesabu dakika hizo kwa saa ya ukutani, na tunakiri kwamba kwa mkono na mwiko, bila ya mashine, ni kazi ya kutoa jasho. Atakayeletewa biskuti hizi Idi azikumbuke.

Sukari huchungwa, ikatiwa kwa mafungu matatu, na bakuli likafunikwa kwa kitambaa, la sivyo jiko zima huvaa kanzu nyeupe. Kisha maziwa, kijiko kimoja cha kulia au viwili, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili ili utamu usichokeshe. Ikiwa nzito huongezwa maziwa kwa matone. Ikiwa nyepesi, mpishi asikimbilie kuongeza sukari. Aiweke kwanza katika friji robo saa kisha aipige tena, kwani mara nyingi kosa si la kipimo bali ni la joto.

Na joto ndilo lililotufungulia mlango wa suala letu. Siagi huyeyuka baina ya nyuzi 32 na 35. Mchana wa Mombasa katika Februari na Machi hufikia nyuzi 32 na wakati mwingine ukapita, na jikoni kwenye moto ni zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba krimu ya siagi tupu, katika pwani yetu, imekaa kwenye ukingo wa kuwa mchuzi. Watu wa nyumbani kwetu wakafanya bakuli mbili: moja ya siagi tupu, nyingine nusu siagi na nusu mafuta meupe magumu ya mimea. Siku ya pili adhuhuri wakachora waridi kwa kila moja na kuziweka dirishani. Tuliporudi kutoka msikitini waridi la kwanza lilikuwa limelala ubavu, la pili limesimama. Tukaonja yote mawili. La kwanza lilikuwa na ladha nzuri zaidi, hilo halina shaka. La pili laacha utando kidogo mdomoni. Lakini lilisimama.

Basi kuchanganya si hila. Ni ufundi, na katika miezi ya joto huenda ndio ufundi bora, mwenye kununua akijua. Hilo tulikuwa hatulijui siku ya Alhamisi, na lau tungejibu kwa haraka tungelimlaumu mama kwa lisilo kosa na kuliacha lililo kosa.

Tukiwa bado jikoni, yapo mambo mawili ambayo tusingependa yapite. La kwanza ni vanila. Kiini halisi cha vanila hutolewa kwa pombe. Sheria ya Marekani yataka kinachouzwa kwa jina hilo kiwe na pombe isiyopungua asilimia 35. Wapo wanavyuoni wa zama hizi wanaolegeza kwa uchache wake, lakini krimu haipikwi hata tukasema moto umeipunguza, nasi twapendelea lililo salama. Chupa nyingi za arki madukani hazina pombe. Kinachotakiwa ni kusoma karatasi ya chupa. Iliki iliyosagwa laini na maji ya waridi huikalia krimu vizuri kuliko vanila, na ndizo harufu za nyumba zetu. Hata hivyo hatuudharau mvanila. Mmea huo ulipoletwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ulitoa maua bila ya matunda, mpaka mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion mtoto mtumwa aitwaye Edmond Albius alipovumbua namna ya kulichavusha ua lake kwa kijiti na kidole, namna itumikayo hadi leo. Alikuwa na miaka 12.

La pili ni rangi nyekundu. Ikiandikwa E120, hiyo hutokana na wadudu waliokaushwa na kusagwa, na madhehebu ya Imam Shafi tunayoyafuata hapa pwani hayahalalishi kula wadudu isipokuwa nzige. Maji ya bitiruti yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito hutoa rangi ya waridi, na zafarani hutoa manjano. Rangi yoyote itiwe kidogo, ikaachwa saa kadhaa, kwani huzidi kukolea kadiri krimu inavyokaa.

Turudi kwa mama. Tulimwita Jumapili pamoja na bintiye, tukamweleza haya. Majarini aliyotia ni halali na haikuwa chafu. Kosa ni lile neno lililobaki juu ya sanduku baada ya kilichomo ndani kubadilika. Imepokewa katika Sahih ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake, vidole vikagusa umajimaji. Mwenye mali akasema kuwa ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua, kwani mvua haikuwa kazi yake; alimuuliza kwa nini hakuuweka ule uliorowa juu watu wakauona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Bei ya siagi ilikuwa mvua ya mama huyu.

Akauliza kama toba na sadaka zitamtosha. Tukamjibu kwamba zingemtosha kama wanunuzi hawajulikani. Lakini hawa anawajua kwa majina, wamo katika daftari lake, na haki ya mja hulipwa kwa mja. Kitu kingalikuwepo, mnunuzi angekuwa na hiari ya kukirudisha. Kimeshaliwa, basi anastahiki tofauti ya thamani. Tukapiga hesabu pamoja kwenye karatasi, na tofauti ikawa shilingi 60 kwa sanduku, jumla shilingi 1,380. Mama akanyamaza. Si nyingi, alisema baadaye, lakini zilizomtia hofu si zile. Ni zile nyumba 11. Mwenye kuuza chakula huishi kwa jina lake, naye alikuwa akitakiwa aende mwenyewe kulitia doa mwezi mmoja kabla ya msimu unaomlisha nusu mwaka.

Hofu hiyo hatukuidharau, na hatukumuahidi kwamba watu watamsifu. Tulimwambia tu kwamba tungeweza kumwandikia barua ya kufuatana nayo. Akakataa. Akasema atakwenda na mtoto.

Wamekwenda. Nyumba saba zimemsamehe na kukataa pesa. Mbili zimepokea, nazo zina haki hiyo. Tusisikie mtu akizisema. Moja imepokea na kumwambia asilete tena. Moja ilikuwa imehama, na haki yao imewekwa katika bahasha kwa jirani yao. Nyumba ile iliyomkataa ndiyo iliyokuwa na agizo kubwa kuliko zote, na pengo hilo bado halijazibika.

Kwa wanaooka msimu huu, tungependa kuongeza neno juu ya wakati. Krimu hukaa wiki mbili katika friji ikiwa imefunikwa vyema, na miezi kadhaa ikigandishwa. Donge la biskuti nalo hugandishika. Hakuna haja ya mama kusimama na mwiko usiku wa 27 ilhali wanaume wako msikitini wakidai fadhila za usiku huo. Kazi ifanywe mapema, na vijana wa kiume wanajua kupiga siagi kama walivyo na mikono. Mwenye kufunga akihitaji kuonja, anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema bila ya kumeza. Bila ya haja ni makuruhu. Biskuti zilizopakwa ziachwe wazi usiku kucha ili krimu ifanye ngozi juu, na hata hivyo zisipandanishwe bila ya karatasi katikati.

Masanduku mapya tumeyaona. Yameandikwa kwa wino ule ule wa kijani: Nusu siagi, nusu mafuta ya mimea. Chini yake, kwa herufi ndogo, binti ameongeza: hayayeyuki upesi. Sisi tumeagiza mawili, yasitiwe nyekundu.