Tusiue muti unaoponya



Siye wa mwaka wa sita tuko na neno juu ya Prunus africana, muti wa milima yetu ya Kivu. Wazee walichemsha maganda yake kwa homa na maumivu ya tumbo. Kule Ulaya wanatoa ndani yake dawa ya wazee wanaume wanaosumbuliwa na mukojo.

Kwa hiyo maganda yanauzwa, na wenzetu wengine wanayachuna wakati wa likizo ili wapate minerval. Hatuwahukumu, shida hiyo tunaijua. Lakini kuchuna muti kuzunguka pande zote ni kuuua: chakula cha majani hakishuki tena kwa mizizi, unakauka wima. Tuchune kidogo upande mumoja na kidogo upande wa pili, kisha tungojee miaka ganda liote tena. Hata mapatano ya CITES yanachunga biashara yake kati ya inchi tangu 1995.

Siku ya salongo tupande mbegu mbichi nyuma ya shule, maana zikikaa zinakufa upesi. Minerval yetu ya leo isimalize dawa ya wadogo wetu.