Kiongozi Akivuka Mpaka, Kesi Yake Hubaki Wapi?



Majuma mawili yaliyopita tulizungumza katika ukurasa huu juu ya wosia, na jinsi ambavyo baba wa nyumba aghalabu huona haya kuuandika, kana kwamba kuuandika ni kumkaribisha Israili mlangoni. Mazungumzo yale yameleta barua nyingi kuliko kawaida. Nyingi zilijibika kwa mistari michache. Moja haijibiki hivyo, nami nimeiweka kando hadi leo ili ipate nafasi yake.

Imetoka kwa mama mmoja wa upande wa Tororo aliyeolewa Busia ya Kenya. Anauliza mambo mawili. La kwanza ni shamba la marehemu baba yake, ikiwa yafaa kumwita marehemu, maana alichukuliwa nyumbani mwaka 1977 mbele ya watoto wake, akapakiwa garini, na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Hapana kaburi, hapana cheti cha kifo, na ndugu wameshindwa kugawana ardhi. La pili ni kwa nini mtu ambaye utawala wake ulimchukua baba yake hakusimamishwa kizimbani hata siku moja. Swali hili ameliweka mwisho wa barua, kwa maneno ya mtu asiyetarajia jibu. Mimi nitaanza nalo.

Anayeijua Busia anajua kuwa ni mji mmoja wenye majina ya nchi mbili. Wasamia wako huku na kule, Wateso wako huku na kule, na mwenda sokoni huvuka mpaka kama avukaye uchochoro. Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza, ambao mwaka 1902 waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauunganisha na nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mstari huo wa kalamu ndio alioushika Idi Amin mwezi Februari 1976, alipotangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi kilomita 32 kutoka Nairobi, kwa haki ilikuwa mali ya Uganda. Kenya iliwaka moto. Mikutano ya hadhara ilifanywa, wapagazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa shehena za Uganda, na Amin akalazimika kulegeza kauli. Lakini neno la mtawala likishatamkwa huwa na watu wa kulilipia, na waliolilipia kwanza ni wale waliokaa juu ya mstari wenyewe.

Wazee wa Tororo wakizungumzia miaka ile hawaanzi na siasa. Huanza na sabuni. Mwezi Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, na maduka yao yakagawiwa, mengi yakiangukia mikononi mwa askari na jamaa zao, waliopachikwa jina la mafuta mingi. Haukupita muda rafu zikabaki tupu. Sukari, chumvi na sabuni, vitu ambavyo mama wa nyumba hupaswa kuvipata bila kuomba, vikawa vya magendo. Kahawa ilivuka usiku kwenda Kenya na sabuni ikarudi alfajiri. Ndivyo serikali inavyowafanya raia wema kuwa wahalifu: huwanyima njia halali ya kupata chumvi, kisha huwakamata kwa kuitafuta.

Je, sheria ilikuwa wapi? Ilikuwapo, nalo ndilo jambo linalonistaajabisha kila nisomapo habari za miaka ile. Mahakama zilifunguliwa asubuhi, makarani walipiga mihuri. Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa na watu wenye silaha ndani ya Mahakama Kuu ya Kampala tarehe 21 Septemba 1972, baada ya kuamuru Mwingereza mmoja aliyewekwa kizuizini aachiliwe. Hakurudi. Mwaka uliofuata serikali ikatunga sheria ya kusimamia mali za watu waliopotea. Msomaji, tafakari kidogo. Watoweshaji wenyewe ndio walioandika utaratibu wa kutunza ng'ombe na nyumba za waliotoweshwa, kwa sababu familia zilizokuwa zikiuliza zilikuwa zimeshakuwa nyingi mno.

Na mwaka 1974, lawama za dunia zilipozidi, Amin aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mohamed Saied. Pamoja naye walikaa maofisa wawili wa polisi na mmoja wa jeshi, na yamkini ilidhaniwa kuwa wangetoa karatasi ya kumsafisha bwana mkubwa. Hawakufanya hivyo. Waliwasikiliza mashahidi 545, wakaandika habari za watu 308 waliotoweka, wakavitaja vyombo vya dola vilivyohusika, hasa State Research Bureau na kikosi cha usalama cha polisi. Ripoti ilikabidhiwa kwa Amin mwaka 1975, haikuchapishwa, na mauaji yakaendelea. Nasikia watu wakiidharau tume ile kwa kuwa haikumwokoa mtu. Mimi siidharau. Mama aliyesafiri kwenda kusema mbele ya jaji kwamba mumewe alichukuliwa siku fulani, na fulani, katika gari la namna fulani, aliweka jambo hilo mahali ambapo haliwezi tena kukanwa.

Mwaka wa baba wa mwandishi wetu, yaani 1977, ulikuwa mchungu kwa Tororo kupita mingine. Mapema Februari nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum ilipekuliwa usiku kwa madai ya silaha, na Askofu Yona Okoth wa Bukedi, ambaye kiti chake kilikuwa Tororo, naye akapekuliwa. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari, na hapana aliyeamini. Oboth Ofumbi alikuwa mzawa wa Tororo, mtu wa Wajopadhola aliyeandika historia ya watu wake, na hadi siku ile alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wizara iliyopaswa kulinda maisha ya raia ilishindwa kumlinda waziri wake. Askofu Okoth alikimbilia Kenya, pamoja na wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mwanzoni mwa Machi 1979, vita na Tanzania vikiwa vimepamba moto, wapiganaji wa Uganda waliovuka kutoka Kenya waliishika Tororo kwa siku chache kabla ya kuzidiwa na majeshi ya Amin. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Amin alikwenda Libya, kisha Saudi Arabia, akakaa Jeddah akila na kulala salama hadi alipofariki tarehe 16 Agosti 2003.

Hapo ndipo swali la mama yetu. Si kweli kwamba nafasi haikupatikana kabisa. Januari 1989 Amin alisafiri kwa pasipoti ya uongo hadi Kinshasa. Zaire ilimzuia, dunia nzima ikajua aliko, kisha akaondolewa nchini akarudi Saudi Arabia bila kukabidhiwa kwa Uganda. Uganda yenyewe iliunda tume nyingine mwaka 1986, chini ya Jaji Arthur Oder, iliyochunguza maovu ya tangu uhuru wa 1962 hadi Januari 1986 na kutoa ripoti mwaka 1994. Watu wa chini ya Amin walishtakiwa wachache. Bob Astles alifikishwa mahakamani kwa mauaji, akaachiliwa na mahakama mwaka 1981. Brigedia Ali Fadhul alihukumiwa kifo, akakaa gerezani miaka mingi, akasamehewa na Rais mwaka 2009.

Kuna kesi moja ambayo ningependa mama huyu aijue. Eliphaz Laki, chifu wa kaunti katika Ankole, alichukuliwa mwaka 1972. Mwanawe, Duncan, alikua, akawa mwanasheria, na karibu miaka 30 baadaye akafuata kumbukumbu za usajili wa gari la baba yake, Volkswagen ndogo, hadi akawafikia watu waliohusika. Mifupa ilichimbuliwa na familia ikazika. Watu watatu walishtakiwa, mmoja wao Yusuf Gowa, aliyekuwa miongoni mwa makamanda wakubwa wa Amin. Mwaka 2003 mahakama iliwaachilia wote, maana maungamo yaliyotolewa polisi hayakukubaliwa kuwa ushahidi. Kwa hiyo mwana alimpata baba yake lakini hakupata hukumu.

Tulinganishe na Chad. Hissène Habré alitawala kwa mateso tangu 1982 hadi 1990, akakimbilia Senegal, akajenga nyumba, akaswali msikitini na majirani. Wajane na wafungwa wa zamani walimfungulia mashtaka huko Dakar mwaka 2000. Walirushwa huku na huko, lakini mwaka 2001 karatasi za polisi wake wa siri zilipatikana zikiwa zimetupwa ovyo katika jengo chakavu. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiambia Senegal imshtaki au impeleke kwingine anakoweza kushtakiwa, na tarehe 30 Mei 2016 majaji wa Kiafrika walimhukumu kifungo cha maisha. Alifariki mwaka 2021 akiwa bado mfungwa. Tofauti ya Habré na Amin haikuwa katika dhambi zao. Ilikuwa katika nchi iliyompokea kila mmoja, na katika wajane ambao kwa miaka 16 hawakukubali kuchoka.

Baadhi ya wasomaji watauliza: na leo, kando ya mpaka uleule, sheria inasemaje? Inasema mambo mawili yanayofanana lakini si sawa. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 98, inasema Rais hashtakiwi mahakamani awapo madarakani. Akishatoka anaweza kushtakiwa kwa aliyoyatenda kwa nafsi yake binafsi, na miaka aliyokaa Ikulu haihesabiwi katika ukomo wa muda wa kesi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 143, nayo humkinga Rais dhidi ya mashtaka ya jinai katika kipindi chake, na muda vilevile haumfutii kosa, lakini imeongeza kuwa kinga hiyo haifiki kwenye makosa ya mikataba ya kimataifa ambayo Kenya imeikubali na ambayo inakataa kinga. Ndiyo maana Oktoba 2014 Uhuru Kenyatta, akiwa Rais, alimwachia naibu wake madaraka kwa muda akaenda kukaa mbele ya majaji wa The Hague. Mashtaka yaliondolewa Desemba mwaka huo kwa upungufu wa ushahidi, na walioumizwa mwaka 2007 na 2008 wana haki ya kunung'unika. Hata hivyo, picha ya Rais akiitwa naye akaenda haikupata kuonekana enzi za Amin. Kwa mambo ya zamani mahakama hiyo haina msaada, kwa kuwa haisikilizi makosa yaliyotendeka kabla ya tarehe 1 Julai 2002.

Kwa hiyo, mama, jibu la swali lako la pili ni hili: mtu yule hakushtakiwa kwa sababu aliyempokea hakutaka kumtoa, na waliotaka ashtakiwe hawakuwa na nguvu ya kumfuata. Sheria ya kumshtaki ilikuwapo siku zote. Mauaji yalikuwa kosa katika Uganda kabla yake, wakati wake na baada yake.

Sasa shamba. Sheria ile ya mwaka 1973 haikufa pamoja na serikali iliyoitunga. Ilichapwa tena katika mkusanyo wa sheria za Uganda wa mwaka 2000. Kwa sheria hiyo, mtu akitoweka miezi sita, jamaa yake anaweza kuiomba mahakama amri ya kusimamia mali. Lakini kusimamia si kurithi, na ninyi mmevuka hatua hiyo zamani. Sheria ya ushahidi, ya Uganda na ya Kenya pia, husema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia, huchukuliwa kuwa amekufa mpaka anayedai yu hai athibitishe. Baba yako amepita miaka 40.

Shamba likiwa upande wa Tororo, anzeni Tororo, si Busia ya Kenya unakokaa sasa. Ndugu wote wakae pamoja kwanza, wa mke mkubwa na wa mke mdogo ikiwa wapo, waandike majina ya warithi bila kumficha mtu. Pateni barua ya mwenyekiti wa kijiji. Tafuteni wazee wawili waliokuwapo siku alipochukuliwa, waape mbele ya kamishna wa viapo, na hili lisingoje mavuno, kwa kuwa wazee hao hawazidi kuwa vijana. Kisha nendeni kwa Kabidhi Wasii Mkuu kuomba hati ya kutokuwa na pingamizi, ndipo mwende mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Katika kiapo, mahali panapoulizwa namna ya kifo, msiandike kwamba alifariki kwa maradhi ili mambo yaende upesi, kama wengine wanavyoshauriwa vichochoroni. Andikeni tarehe aliyochukuliwa, mahali, na watu walioona.