Namna ya Kumkaribisha Mwandishi wa Kitabu

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ni kwamba mgeni afikapo hupikwa chakula kizuri, na wenyeji nao hufaidi. Basi, wanafunzi wapenzi, siku shule yenu itakapotembelewa na mtu aandikaye vitabu vya watoto, ninyi mtapona kwa kitu gani? Wengi watajibu upesi: kwa pilau, kwa ngoma, na kwa kukosa masomo mchana kutwa. Mimi nasema sivyo. Mambo hayo ni mema, lakini hufanywa kwa kila mgeni mkubwa ajaye shuleni. Mwandishi anastahili heshima nyingine, nayo ni hii: kitabu chake kisomwe kabla hajafika.

Sikilizeni sababu yake. Huko Uingereza alikuwako mwanamke jina lake Beatrix Potter. Mwaka 1893 alimwandikia barua mtoto mmoja wa miaka mitano, jina lake Noel, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Kwa kuwa hakuwa na habari ya kumpa, alimtungia hadithi ya sungura wanne, akawachora na picha zao. Miaka ikapita, naye akaiazima barua ile, akaigeuza kuwa kitabu. Wapiga chapa walikikataa. Mwaka 1901 akatoa nakala 250 kwa fedha yake mwenyewe, na mwaka 1902 kampuni ya Frederick Warne ikakubali kukichapa. Mpaka leo kitabu hicho chasomwa na watoto wa nchi nyingi.

Mwaona basi? Kitabu kile kilianza kwa kuwa barua. Nami nafikiri kila kitabu cha watoto ni barua vivyo hivyo, ijapokuwa jina la mtoto halikuandikwa juu yake. Mtu apelekaye barua hungojea majibu. Mwandishi akifunga safari kuja shuleni kwenu, huja kuyatafuta majibu hayo. Je, mtamjibu nini ikiwa barua yenyewe hamjaifungua?

Tofauti ya waliosoma na wasiosoma huonekana katika maswali. Katika hadithi ile ya sungura, watoto watatu wanamtii mama yao, bali ndugu yao Peter anaingia katika bustani aliyokatazwa, ambamo baba yao alikamatwa akafanywa kitoweo. Jioni wale watiifu wanakula mkate, maziwa na matunda ya mwituni. Peter analazwa kitandani na kunyweshwa dawa ya majani. Mwanafunzi asiyeisoma hadithi hiyo angeuliza, "Umeandika vitabu vingapi?" Jambo hilo mwalimu aweza kulieleza bila mgeni kutoka kwake. Lakini aliyeisoma angeuliza, "Mbona watoto wema wamepewa maneno machache tu, na yule mkaidi akapewa karibu kitabu kizima?" Hilo ndilo swali! Mwandishi akiulizwa hivyo hana budi kunyamaza kwanza akafikiri, na darasa zima lingoje pamoja naye. Bi Potter alifariki mwaka 1943, wala hakuna awezaye kumwuliza tena. Lakini mwandishi aliye hai, akiketi mbele yenu kwa muda wa saa moja, aulizwe lile ambalo kitabu chake hakikulisema.

Wako watu wazima wasemao ya kuwa mtoto kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu. Nawaheshimu, lakini katika neno hili sikubaliani nao, kwa maana wahenga hao hao walisema, "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo." Adabu imo katika namna ya kuuliza. Simama, mwamkie mgeni, taja jina lako, uliza swali moja, kisha usikilize jibu mpaka mwisho bila kumkatiza.

Wengine watasema, "Sisi tuna nakala moja tu ya kitabu hicho." Shida hiyo ni ya kweli. Nchini Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa mwaka 1991 kwa sababu vitabu vya watoto vya kusoma vilikuwa haba sana. Hata hivyo nakala moja yaweza kulisha darasa zima. Msomaji mwenye sauti nzuri asome kurasa chache kila siku kwa muda wa majuma mawili, na wenzake wasikilize. Hivyo hata yule ambaye kusoma kwamtatiza hataachwa nyuma. Na kama ipo fedha ya karamu, nusu yake inunue nakala nyingine. Pilau huisha jioni ile ile. Vitabu vitasomwa na wadogo zenu mwakani.

Mambo mengine yafuate baada ya hilo. Mwalimu mkuu ampelekee mgeni barua mapema, amweleze siku, saa, idadi ya watoto, umri wao, na njia ya kufika. Asisahau nauli na ujira, kwa kuwa kuandika ni kazi kama useremala ulivyo kazi. Wanafunzi wawili wafuatane na mwalimu kumpokea kituoni. Hotuba za kumkaribisha ziwe fupi. Watoto waketi karibu naye, wala wasipangwe mistari mirefu uwanjani hata wa nyuma wasisikie neno. Ikiwa nafasi ni ndogo, afadhali madarasa mawili yaliyosoma kuliko shule nzima isiyosoma. Najua wataokosa nafasi watanung'unika. Basi wale waliohudhuria wapewe kazi ya kwenda kuwasimulia yote waliyoyasikia.

Mgeni akisha kwenda, shughuli isikome. Kila mtoto amwandikie barua fupi, amwambie ni mahali gani katika kitabu palipomfurahisha, na ni mahali gani asipokubaliana naye. Huenda miongoni mwenu yuko mmoja ambaye barua yake itazidi ukurasa, ikaanza kuwa hadithi yake mwenyewe. Huyo msimharakishe, mpeni karatasi nyingine.