Kiu ya Mtoto Ni Suala la Haki



Kitabu cha Mwanzo kinatusimulia habari za Hagari, mjakazi aliyefukuzwa nyumbani pamoja na mwanawe, akatangatanga nyikani. Maji ya kiriba yalipokwisha, alimlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali kidogo, kwa kuwa hakuweza kustahimili kumtazama akifa kwa kiu. Ndipo Mungu akamfumbua macho, akaona kisima cha maji.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu Hagari anaishi nasi hapa Mchafukoge. Ni mama lishe anayeamka alfajiri kuinjika chungu huku mtoto akiwa mgongoni. Ni mke wa mpagazi aliyepanga chumba kimoja nyuma ya maduka ya jumla. Ni msichana wa kazi aliyeachiwa mtoto wa tajiri yake ghorofani, hana wa kumwuliza neno. Mtoto anapoanza kuharisha na kutapika usiku, mama huyu huketi gizani akimtazama. Dawa inayoweza kumwokoa mtoto ipo karibu naye sana, lakini hakuna aliyemwonyesha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuharisha huua zaidi ya watoto 400,000 walio chini ya umri wa miaka mitano kila mwaka. Yafaa tuelewe namna mauti hayo yanavyokuja. Mara nyingi, kinachomwua mtoto si ugonjwa wa tumbo wenyewe, bali ni maji na chumvi zinazotoka mwilini mwake bila kurudishwa. Mwili wa mtoto mchanga una akiba ndogo. Mtoto aliyecheza asubuhi aweza kuwa amelegea kabisa kabla ya usiku kuingia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi si kutafuta kitu cha kuzuia kuharisha. Kazi ya kwanza ni kurudisha maji yanayopotea, tangu choo chepesi cha kwanza, pasipo kungoja dalili za hatari.

Maji hayo hurudishwa kwa chumvi za ORS, ambazo hupatikana katika vituo vya afya na maduka ya dawa kwa bei ndogo. Pakiti huchanganywa na maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Pakiti ya kawaida ni ya lita moja. Dawa iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe, ichanganywe nyingine. Mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya dakika moja au mbili. Na kila anapoharisha apate robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Mwenye miaka miwili au zaidi apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika, mama asikate tamaa: angoje dakika kumi, kisha aanze tena taratibu zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida. Aliyekwisha kuanza kula apewe pia uji mwepesi, maji ya wali, supu au dafu, wala asinyimwe chakula. Soda na vinywaji vyenye sukari nyingi vyaweza kuzidisha kuharisha.

Ikiwa pakiti haipatikani usiku huo, lita moja ya maji safi ichanganywe na vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Vipimo hivi visikadiriwe kwa mkono, kwa maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Aidha, tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yanashauri mtoto anayeharisha apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma, kwa kuwa hupunguza ukali wa ugonjwa na hatari ya kuurudia.

Zipo dalili ambazo zikionekana hazingoji kupambazuka: macho yaliyodidimia, utosi uliobonyea, kulia bila machozi, mkojo kupungua sana, ngozi ya tumbo inayorudi polepole ikifinywa, kulegea au kusinzia kupita kiasi, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, au damu katika choo. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, naye aendelee kupewa ORS njiani ikiwa anaweza kumeza.

Sasa twaomba mtuvumilie tukitaja mambo mawili yanayotusumbua. La kwanza ni desturi ya kumnyima mtoto maji kwa kudhani kwamba kinachoingia juu ndicho kinachotoka chini. Mama anayefanya hivyo anampenda mwanawe. Amefundishwa vibaya tu, na kosa ni letu tuliojua tukanyamaza. La pili ni imani ya “meno ya plastiki”, ambayo imeenea katika sehemu nyingi za nchi yetu tangu miaka ya 1980. Mzazi huambiwa kwamba homa na kuharisha kwa mtoto kunaletwa na meno mabaya yaliyojificha ndani ya ufizi, naye hulipa fedha ili yachimbuliwe. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi la mtoto. Kinachobaki ni kidonda kinachoweza kuingia vijidudu, na kinywa kinachouma kiasi cha kukataa ziwa, wakati uleule ambapo mtoto anahitaji kunywa kuliko siku zote. Kuifanya hofu ya mama kuwa biashara ni dhuluma, na Tume yetu haiwezi kuliita jambo hilo kwa jina jingine.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya madaktari, si ya walei. Historia yatujibu vingine. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika mpakani mwa India, na kipindupindu kikazuka katika kambi za Bangaon. Dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi na sukari zipimwe na kufungwa katika mifuko, zichanganywe na maji katika mapipa, na wagonjwa wanyweshwe na jamaa zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa vimefikia takriban 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Waliowaokoa wagonjwa wale walikuwa mama, baba, kaka na dada, wenye vikombe mikononi. Siri yake ni nyepesi: sukari hufungua njia katika utumbo, chumvi hupita nayo, na maji hufuata.

Hata hivyo, ndugu waamini, tusimbebeshe mama mzigo wote. Kijiko cha ORS humwokoa mtoto usiku wa leo. Choo kichafu na bomba kavu vitamrudisha palepale mwezi ujao. Kati ya Mchafukoge na Kariakoo upo uwanja wa Mnazi Mmoja. Wakati wa ukoloni uwanja huo wa wazi uliachwa ili kutenga mtaa wa biashara wa Wahindi na mji wa Waafrika, na hoja iliyotolewa ilikuwa afya. Ilidhaniwa kwamba maradhi ya maskini yangebaki upande wa maskini. Kipindupindu cha mwaka 1997, kilichopata wagonjwa zaidi ya 40,000 na kuua zaidi ya 2,000 nchini, na kile kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani, vyote vilitufundisha kwamba nzi na maji machafu havijui mpaka. Mwenye jengo la ghorofa na mchuuzi wa barazani hula matunda ya soko lilelile.

Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulitambua mwaka 2010 kwamba maji salama na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu, kwa kuwa uhai wenyewe unayategemea. Ikiwa ni haki, basi hatuyaombi kama sadaka. Yatupasa kuuliza, kwa heshima na kwa uthabiti, katika mikutano ya serikali ya mtaa: vyoo vya wanaofanya kazi barabarani viko wapi, na mama mwenye mtoto hulipa kiasi gani kuvitumia? Mtaro unaofurika kila masika utazibuliwa lini? Nao waamini wenye maduka na majengo wajiulize kama wapagazi na mama lishe wa mlangoni pao wana mahali pa kunawa mikono.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo haya kwa Halmashauri ya Walei na kwa kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Kila jumuiya iweke katika nyumba moja inayojulikana pakiti za ORS, chupa ya lita moja na kijiko cha chai, na mlango wa nyumba hiyo ugongwe saa yoyote. Mwuguzi aalikwe jumuiyani aonyeshe kwa vitendo namna ya kuchanganya na kunywesha, akina baba wakiwapo. Itengwe akiba ndogo ya nauli ya bajaji kwa ajili ya mtoto anayepaswa kufikishwa hospitali usiku. Wazazi wakumbushwe chanjo ya rota, inayotolewa nchini tangu mwishoni mwa mwaka 2012, maana virusi hivyo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuharisha kwa watoto wachanga. Na haya yote yafanyike kwa jirani yeyote. Mitaa yetu ina Waislamu wengi, Wahindu na Wakristo; anayegonga mlango usiku asiulizwe dini yake.

Wazee husema kwamba jina la kata yetu lilikuwa agizo: mchafu, koge. Agizo hilo ni jema, lakini atakogaje asiye na maji? Tulitimize kwanza lile linalotuhusu sisi. Bwana wetu alitufundisha kwamba anayempa mdogo mwenye kiu maji ya kunywa amempa Yeye. Jumapili hii, kabla ya kutawanyika baada ya Misa, viongozi wa jumuiya wabaki kwa nusu saa, tukubaliane ni nyumba zipi zitakazoweka chupa na kijiko.

Mungu awabariki, na awalinde watoto wetu.