Kigoma mwisho wa reli.... mpaka lini?

Haya wadau, naona kila mtu anashangilia SGR, na mimi nashangilia. Ila kuna jambo linanikereketa kuhusu Kigoma na leo nalisema.

Tuanze na Ujiji. Huo ndio ulikuwa mji wenyewe, Kigoma ilikuwa kijiji tu. Misafara ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia pale, biashara ya pembe za ndovu na (tusifiche) ya watumwa. Burton na Speke walifika 1858, Stanley akamkuta Livingstone pale pale 1871. Kisha Mjerumani akaanza reli ya kati Dar 1905, na 1914 ikafika ziwani. Lakini haikwenda Ujiji, ilikwenda Kigoma! Wala haikuwa chuki. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo, wakati ufukwe wa Ujiji uko wazi na maji yake ni ya kina kifupi, meli kubwa itafunga wapi? Hata Liemba ililetwa vipande vipande ikaungwa Kigoma. Kilomita kama nane tu jamani, na Ujiji ikaachwa na miembe yake na makumbusho ya Livingstone.

Sasa ya leo. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa SGR Tabora–Kigoma, kilomita 506. Safi sana. Januari 2025 ukasainiwa mwingine, Uvinza–Musongati, kuingia Burundi. Haya chukua ramani uangalie Uvinza iko wapi.... KABLA ya Kigoma! Yaani mzigo wa Burundi unaoshushwa Kigoma ukapakiwa melini kwenda Bujumbura, utakata kona Uvinza bila kuliona ziwa. Vibarua wa bandarini, madalali, mama lishe, wote hao wanaishi kwa huko kushusha na kupakia.

Najua mtaniambia Kongo ipo. Kweli, Kalemie na Uvira ziko ng'ambo na huko lazima uvuke maji. Ila mzigo wa Katanga tayari una njia yake ya malori kupitia Tunduma, hautahamia Kigoma kwa huruma. Unataka meli za mizigo, nyingi, zenye ratiba inayoeleweka. Kwa hiyo mimi nikisikia wakubwa wanataja SGR Kigoma, nasubiri wataje na meli. Reli inajengwa kwa matrilioni, meli tatu nne zitashindikana vipi?

Wadau wa Ujiji, Kibirizi na Katonga, nyie ndio mko eneo la tukio. Mzigo wa Bujumbura hali ikoje huko? Mwageni data.