Tunafikiri sana, lakini tumechelewa

Mwenzangu wa chumba ana daftari la mistari, kama lile tunalonunua mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya kozi. Ndani yake hamna kozi hata moja. Kila ukurasa una safu tatu: karata tano alizopewa, karata alizoshika, na karata ambazo, akifikiri upya, angalipaswa kuzishika. Mchezo wenyewe ni pokeri ya mashine, anayoicheza kwenye simu, usiku, umeme ukirudi. Pesa alizocheza zilikuwa za minervali, awamu ya pili. Zimekwisha. Amenipa ruhusa niandike habari hii bila jina lake, naye ameisoma kabla yenu.

Nakiri kwamba siku ya kwanza daftari lile lilinifurahisha. Mwanafunzi wa isimu akiona data zilizopangwa vizuri namna hii anasahau zimetoka wapi. Wenzetu wengine wa jengo walikuwa na hukumu yao tayari: "Yaya anafikiri mno." Walimaanisha kwamba angebonyeza haraka, kwa moyo mwepesi, asingepoteza. Mimi nasema hukumu hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ni ya hatari. Mwenzangu hakufikiri kupita kiasi. Alifikiri mahali pasipohitaji kufikiri, na pale palipohitaji alipita bila kusimama. Naona wengi wetu katika kitivo hiki tuna ugonjwa huohuo, hata tusioshika karata.

Kwa asiyeujua mchezo: mashine inachanganya karata 52 na kukupa tano. Unachagua zipi za kushika na zipi za kutupa. Zilizotupwa zinabadilishwa mara moja tu, kisha unalipwa au hulipwi. Hakuna mpinzani wa kumsoma uso, hakuna wa kumdanganya. Katika aina iliyozoeleka zaidi, jozi ya valeti au ya karata kubwa kuliko valeti inakurudishia dau lako. Jozi mbili zinalipa mara 2, karata tatu zinazofanana mara 3, na malipo yanapanda hivyo mpaka kwenye mfululizo wa kifalme: kumi, valeti, malkia, mfalme na asi, zote za alama moja. Huo unalipa mara 800, lakini kwa aliyeweka dau kamili la sarafu tano. Mashine hizi zilianza kuenea katika kumbi za kamari za Nevada, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo zimo ndani ya simu, na simu imo ndani ya kila chumba chetu.

Kila karata ina njia mbili, kushika au kutupa, kwa hiyo kila mkono una njia 32. Mikono inayowezekana ni 2,598,960. Ukisikia hesabu hizo unadhani mbele yako kuna bahari ya kutafakari. Sivyo. Jibu bora la kila mkono lilikwisha kupigiwa hesabu zamani, na kanuni zake zinaingia katika karatasi moja.

Tuchukue mfano mmoja wa aina iliyomlaza macho mwenzangu. Una mfalme, tisa, saba na mbili za kopa, yaani zenye alama ya moyo, na saba nyingine ya shupaza. Je, ushike jozi ya saba, au ushike kopa nne ukitafuta ya tano? Karata usizoziona ni 47. Kati yake 9 ni kopa, na mkono wa alama moja unalipa mara 6 katika mashine nzuri. Wafalme 3 waliobaki wangekurudishia dau. Tisa mara sita ni 54, ongeza 3, unapata 57. Gawa kwa 47: kama 1.21 kwa kila dau 1. Jozi ya saba peke yake ina thamani ya kama 0.82. Basi saba ya shupaza inatupwa. Kama jozi ingekuwa ya wafalme, jibu lingegeuka, kwa sababu jozi hiyo inalipwa tayari na inaweza kukua. Hesabu hii inafanywa mara moja maishani, kisha inakuwa kanuni. Hakuna sababu ya kuifanya upya saa saba ya usiku kila saba mbili zinapotokea.

Sisi wa lugha za Kiafrika tunalijua jambo hili kuliko wengine. Nyumbani kwetu Lubumbashi wengi tunasema "kitabu ile imepotea". Katika auditwari tunasema "kitabu kile kimepotea". Anayezijua njia zote mbili hasimami kwenye kila kiambishi ajiulize ngeli ya kitabu ni ipi. Kanuni imekwisha kukaa ndani, mdomo unaifuata, na akili inabaki huru kushughulikia habari yenyewe: kitabu cha nani, kimepotea wapi, nani atakilipa. Mkumbuke mitihani ya mdomo ya mwaka wa kwanza, tulipokuwa tunasimama kabla ya kila kitenzi. Tulijaribu kupatanisha ngeli na kujibu swali kwa wakati mmoja, na mara nyingi tulikosa vyote viwili.

Stephen Krashen, katika nadharia yake ya ujifunzaji wa lugha ya pili, alimwita mtu wa namna ile mtumiaji wa kupindukia wa kichunguzi, yaani anayejisahihisha kabla hajasema neno. Alisema kichunguzi kinafaa pale tu mtu anapokuwa na mambo matatu: wakati wa kutosha, umakini juu ya umbo la anachosema, na kanuni anayoijua. Nikalipima daftari la mwenzangu kwa mambo hayo matatu. Wakati alikuwa nao, kwa maana mashine haikuharakishi. Umakini alikuwa nao kuliko alionao darasani. Kanuni hakuwa nayo. Kila mkono aliutungia kanuni mpya: leo anashika asi pamoja na jozi ndogo "kwa ajili ya usalama", ingawa kufanya hivyo kunampunguzia nafasi ya kupata ya tatu kutoka karata tatu mpya hadi mbili, kesho anaiacha kwa sababu jana ilimwangusha.

Pale kanuni inapokosekana, lugha inajaza nafasi. Hapo ndipo daftari lilipoacha kunifurahisha. Mdomoni mwenzangu alikuwa akisema "ilibakia kiloko". Tazameni kitenzi hicho. Kubakia kidogo kunadai kwamba kuna njia, kwamba ulikuwa unatembea juu yake, na kwamba umbali wa kufika umepungua. Ukitembea kutoka soko hadi nyumbani, kweli inabakia kidogo. Katika karata hakuna njia. Aliyekosa kopa moja hayuko karibu na ushindi wa mkono unaofuata kuliko aliyekosa zote, kwa maana karata zote 52 zinarudi na kuchanganywa upya. Umbali huo umo katika kitenzi tu, lakini mtu anaulipia dau jingine ili aumalize.

Katika safu ya tatu, ambako aliandika kwa Kiswahili sanifu kama tulivyofundishwa, karibu kila mstari una -ngali-. Ningalishika malkia, ningalipata tatu. Ningaliacha kumi, ningaliokoka. Profesa anatufundisha kwamba -ngali- ni ya jambo lisilowezekana tena, mlango uliokwisha kufungwa. Mwenzangu aliitumia kama darasa: kila -ngali- ya jana ilikuwa shauri la leo. Lakini karata iliyokuja jana haisemi lolote juu ya karata ya leo. Uamuzi mzuri unaweza kuleta mkono mbaya, na uamuzi mbovu unaweza kulipwa. Anayesahihisha uamuzi kwa kutazama matokeo ya mara moja anajifunza kinyume.

Najua mtu atanijibu: basi mwenzako ajifunze ile karatasi moja, aache kutafakari, acheze vizuri. Jibu hilo lina adabu ya kisayansi, na mimi mwenyewe nililishikilia wiki nzima. Hesabu imelikataa. Katika jedwali bora la aina hii, lile linalolipa mara 9 kwa tatu-na-mbili na mara 6 kwa alama moja, mchezaji asiyekosea hata mara moja anarudishiwa wastani wa asilimia 99.54 ya alichoweka. Katika jedwali linalolipa 8 na 5, ni 97.30. Mtu akicheza mikono 400 ya faranga 500, ameweka faranga 200,000. Kwa jedwali la kwanza atapoteza wastani wa faranga 920. Kwa la pili, 5,400. Huyo ni mchezaji mkamilifu, asiyechoka wala kukasirika. Na ndani ya ile 99.54 kuna karibu pointi 2 zinazotoka kwenye mfululizo wa kifalme, ambao unatokea kama mara moja katika mikono 40,000. Usiku ambao haukuja, na karibu kila usiku hauji, pointi hizo hazimo mfukoni mwako. Ongeza makosa, ongeza dau linalopandishwa kwa hasira, na minervali inaisha.

Tena, kucheza bila kufikiri si dawa. Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll, katika kitabu chake cha 2012 juu ya wacheza mashine wa Las Vegas, anaeleza jinsi wengi wao wasivyokaa pale ili washinde. Wanakaa ili waendelee kukaa, ndani ya hali ambamo saa, mwili na madeni vinasahaulika. Kubonyeza haraka kunaifaa mashine kabisa. Kwa hiyo anayemwambia mwenzangu "usifikiri sana" anamfanyia kazi mwenye mashine bila mshahara.

Basi mawazo yaende wapi? Nililigeuza daftari lote, mbele na nyuma, nikitafuta safu moja: pesa zilizoingia. Haikuwepo. Mtu aliyeandika mamia ya mikono, aliyejiuliza juu ya kila saba na kila malkia, hakuandika mahali popote kwamba siku fulani alitoa kiasi fulani kwenye pesa za minervali. Nilipomwuliza aliamua lini kuzitumia, alifikiri kidogo, akaniambia: "Sikuamua. Nilikuwa nasubiri basi." Simu iliomba namba ya siri, akaiandika, basi likaja.

Huo ndio uamuzi pekee katika habari hii yote ambao hakuna jedwali linaloweza kuujibu kwa niaba yake. Nicheze au nisicheze, kwa pesa zipi, mpaka kiasi gani: maswali haya yanamhusu yeye, baba yake aliyetuma pesa, na mwaka wake wa masomo. Yalistahili usiku mzima, yakapewa muda wa kusubiri basi. Karata, ambazo zilistahili nukta moja, zilipewa daftari.

Nisimcheke. Mwaka jana nilitumia wiki sita nikisitasita juu ya kichwa cha memwari yangu: niandike "Kiswahili cha Lubumbashi", "Kiswahili cha Katanga", au nirudishe lile neno la zamani "Kingwana"? Nilisoma, nikafuta, nikaandika upya. Katika wiki hizo sikurekodi msemaji hata mmoja. Uamuzi wa kwenda kartiye na kinasa sauti, ambao ndio ungefanya memwari iwepo, niliuacha ujiamue wenyewe. Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima. Mimi nilichagua jembe mpaka mvua ikapita.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kwa mambo yenye kanuni, tujifunze kanuni mapema, kisha tuziache zifanye kazi bila kuziamsha kila dakika. Kwa mambo yasiyo na kanuni, tusimame, tuandike. Mwenzangu sasa ameongeza safu ya nne mbele ya zile tatu, na aliijaza kwa kurudi nyuma katika ujumbe wa simu yake, tarehe moja baada ya nyingine. Ilimchukua jioni nzima. Alipofika mwisho alijumlisha, akakaa kimya, kisha akaniomba nihakikishe hesabu. Ilikuwa sahihi. Kesho yake alikwenda kumwona baba yake, kabla mzee hajasikia kwa watu wengine.

Wewe unayesoma, kama pesa za awamu ya tatu zimo katika simu yako sasa hivi, fikiri juu yake leo, mchana, ukiwa umekula. Ukimaliza kufikiri, peleka pesa hizo kwenye kasa ya chuo.