Senti ya Ngano na Wasakao Utajiri

Wako wadhanio kuwa sarafu ikizeeka tu imekuwa mali. La hasha! Senti ya Marekani yenye masuke ya ngano, iliyotolewa 1909 hadi 1958, imejaa tele, na nyingi hazina bei ya maana. Isakwayo ni ile ya 1909 yenye S ya San Francisco na V.D.B., herufi za mchoraji wake, Victor David Brenner. Zilipigwa 484,000 tu. Za 1943 ni za chuma, kwani shaba ilihitajiwa vitani. Chache zilitoka za shaba kwa makosa, nazo ni ghali mno. Basi matapeli huzipaka shaba zile za chuma. Itie sumaku: ikinasa, umeghilibiwa. Tena, ndugu msomaji, usiisugue kwa ndimu. Wanunuzi wataka rangi yake ile ile ya ukale.